Chungu cha Udongo

Juzi basi letu lilipokaribia Nairobi, abiria wenzangu walisogea madirishani kuyatazama majengo marefu. Mimi nilikuwa nikitafuta moja tu, la ghorofa saba, na sikuliona. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa, mkoloni bado yupo. Baba alijifunza uashi Kitale akiwajengea walowezi nyumba za mawe, halafu akaenda Nairobi, ambako kila mwezi jengo jipya lilikuwa likipanda. Akija likizo nyumbani Chwele alileta mkate wa dukani na habari za majumba hayo. Shuleni nilijigamba mpaka wenzangu wakanichoka.

Kisha ikaja barua. Baba alikuwa ameanguka kazini, akazikwa huko huko, na aliyeandika hakujua kaburi ni lipi.

Kwetu mtu wa namna hiyo hurudishwa. Unachota udongo mahali alipofia, unauzika nyumbani pamoja na shina la mgomba. Basi nyanya, mama yake baba, akachemsha viazi vitamu, akafunga chungu kidogo kwa kitambaa, tukapanda gari la moshi Bungoma. Njia nzima alikipakata.

Fundi aliyefanya kazi na baba alitupokea stesheni, akatupeleka mpaka lile jumba la ghorofa saba alikoangukia baba. Majengo yale yalikuwa mazuri, sikufichi: meupe, madirisha yanawaka jua la asubuhi. Nilifurahi, na furaha ile inaniuma hadi leo.

"Ni pale juu, mama," fundi akasema. "Dirisha ya tatu kutoka mwisho."

Nyanya hakuinua macho. Alikuwa akitafuta udongo, na chini palikuwa simiti tupu, kutoka ukuta hadi barabara. Akapiga magoti, akakwaruza kwa kucha. Askari wa mlangoni akaja.

"Hapa si ya kukaa, mama. Unatafuta nini?"

"Mchanga kidogo tu, mwanangu. Ya kijana yangu."

Askari akaokota kipande cha simiti kilichomeguka kwenye ngazi, akakitia chunguni mwenyewe.

Hicho ndicho tulichozika. Nyanya hakuridhika kamwe. Mpaka anakufa alikuwa akisema mwanawe hajafika.

Juzi niliposhuka basi nilikwenda mpaka pale. Muuza magazeti akaniambia jumba lile lilibomolewa zamani, pakajengwa hili refu la vioo. Kwa hiyo kazi ya baba kwenye jumba lile iliyobaki ni kile kipande kilichoko Chwele, chini ya nyasi, na anayejua mahali pake ni mimi peke yangu.