Majeruhi wa Sosi

Miaka ile nilipokuwa nikipakua makontena kwenye bandari ya nchi kavu hapa Nairobi, tulifanyiwa zoezi la kuokoa walioumia kazini. Kwa vile nilikuwa na cheti cha maigizo cha shule ya usiku, niliteuliwa kuwa majeruhi. Nikamwagiwa sosi ya nyanya ya kutosha kulisha mtaa mzima wa Mutuini, nikalia hadi kreni zikanihurumia.

Wenzangu wakaja mbio na machela, wakagonga rundo la masanduku. Moja likamwangukia mnyapara wetu mguuni.

"Uuuwi! Kidole changu!"

Watu wakapiga makofi. "Mzee anaigiza kumshinda majeruhi mwenyewe!"

"Siigizi, wajinga nyinyi! Kimevunjika!"

Makofi yakazidi.

Nilipoona buti lake limebonyea kama sufuria kuukuu, nikainuka, nikamwambia dereva wa ambulensi iliyoletwa kwa zoezi ampeleke yeye hospitali. Akakataa katakata.

"Mimi nimeambiwa nibebe mwenye damu. Huyu mzee damu yake iko wapi?"

Mnyapara alikuwa karibu kuzirai. Nilivua shati, nikamkamulia sosi yote kichwani.

Dereva akafungua mlango upesi. "Ingia, mzee! Umeumia hivi na umenyamaza tu?"