Watu wa Njiani

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya wazee kule Liverpool, meneja alinikabidhi glavu na mgonjwa mmoja. "Bibi Hanne ni mwandishi. Atakuhoji kuliko polisi. Wewe usimwache alalie upande mmoja." Enzi zetu tulimgeuza mgonjwa kwa mikono, mto tunaweka katikati ya magoti, ngozi isije ikachubuka akapata vidonda.

Bibi Hanne alikuwa Mjerumani, mtunzi wa riwaya, na alizunguka dunia akiandika shajara za safari. Nilimuuliza mumewe yumo katika kitabu kipi. Akacheka. "Hayumo hata kimoja. Mimi naandika watu wa njiani. Wa nyumbani niwaandike wa nini?"

Nilimwogesha miaka saba. Chai yake naijua, hasira zake nazijua. Nikajiona mwenyewe ndiye mwenye mali.

Ikaja korona. Milango ikafungwa kwa wageni, na ikatoka amri mhudumu asifanye kazi nyumba mbili, asije akahamisha ugonjwa. Nami nilikuwa na zamu katika nyumba nyingine ya wazee, St Marys. Msimamizi wa zamu akanipigia. "Mama Zuhura, sorry, roster ya zamu imekubana. Utabaki St Marys."

"Na Bibi?"

"Goreth atamshika."

Goreth, binti wa Kirundi, mgeni wa juzi! Niliona wivu. Kila jioni nilimpigia simu kama mkaguzi.

"Umemgeuza? Mto umeweka?"

"Nimeweka, Mama. Leo ameniuliza maisha ya kambi ya wakimbizi, anataka kuyaweka kwa kitabu."

Nikakata simu.

Bibi alifariki kabla milango haijafunguliwa. Sikumuaga. Kitabu chake cha mwisho kilipotoka nilikisoma chote. Goreth yumo, sura nzima, na maharage yake na nyimbo zake za kanisani. Mimi simo. Hata "yule mama wa Tanga" hakuna.

Nikaenda kwa Goreth nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Akasema, "Mama, usinichukie. Mimi alinipa sura. Lakini kila asubuhi nikifungua mlango anauliza, 'Zuhura amerudi nyumbani?' Kila asubuhi, Mama."

Sasa nimestaafu. Anayesema wivu ni wa vijana hajafika umri wangu. Najua Bibi aliniweka upande wa nyumbani, pamoja na mumewe, na hiyo ni heshima, sikatai. Lakini nikienda kwa Goreth, hata chai haijachemka, nakiomba kile kitabu, nafungua ile sura, na kulitafuta tena jina langu.