Viatu Vya Ngozi na Madebe Mawili ya Uji

Mkiniona nakataa kuvaa viatu nikibeba kitu, msinicheke, kwa sababu viatu viliniaibisha mbele ya shamba zima la chai, na mpaka leo kuna wazee hapa Kericho wakikutana na mimi wananiuliza kama nimeleta uji.

Miaka ile ya hamsini mimi nilikuwa mpishi. Kila asubuhi nilipika madebe mawili ya uji, nikayaning'iniza kwenye ncha mbili za mti mrefu, nikaweka mti begani na kuwapelekea wachumaji huko huko kwenye chai, wanywe bila kupoteza wakati kwa kurudi kambini. Sasa Bwana wa shamba akaanza kulalamika kwamba unga ni gharama ya bure, akasema atakuja mwenyewe kuangalia kama huo uji unamletea faida. Uji ukifutwa, mimi sina kazi, na wale watu watachuma tangu alfajiri na tumbo tupu.

Nikasema leo Bwana ataona mpishi wa maana. Nikavaa viatu vyangu vya ngozi, vipya kabisa, nilivyonunua Londiani (vilikuwa vya arusi, ingawa bibi mwenyewe nilikuwa bado sijapata), nikashika ule mteremko ambao kila siku nateremka miguu mitupu bila hata kuangalia chini. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilipomwona Bwana amesimama kando ya mizani ya kupimia majani nikanyoosha shingo, nikaongeza mwendo, soli ikateleza, nikaenda na matako mpaka miguuni pake, debe moja likanipita, lingine likanimwagikia kichwani (bahati uji ulikuwa umepoa), na mbwa wake akaja kunilamba masikio.

Bwana hakucheka. "Vizuri," akasema kwa kile Kiswahili chake. "Leo hapana uji. Jioni mimi napima majani. Kama iko sawa na jana, uji kwisha."

Aibu ikanipanda kichwani. Uji ukinitiririka shingoni nikachukua kikapu, nikaanza kuchuma mbio mbio na kuwasihi wengine wakaze mikono, Bwana asije akakasirika zaidi. Mama Chebet, ambaye hakuna mwanamume aliyemshinda kuchuma katika shamba lile, akanivuta kando.

"Arap Koech, weka kikapu chini. Tukijaza leo bila uji, kesho utapika nini?"

Nikaweka chini. Halafu nikaona jambo ambalo naliheshimu mpaka leo. Yule mama alichuma pole pole siku nzima, na mistari yote ya wachumaji ikamfuata bila mtu kuinua sauti, na walikuwa wanalipwa kwa uzito, jamani, kila mmoja alijua anajipunguzia mshahara, na njaa ilikuwa njaa ya kweli. Mara kwa mara niliona mikono yake ikianza kukimbia yenyewe. Anaisimamisha, anafunga kitambaa chake upya, anaendelea.

Jioni Bwana akapima, akagonga mizani akidhani imeharibika, akapima tena, akaenda zake. Asubuhi nikakuta gunia la unga mlangoni kwangu.

Viatu nilimpa mtu wa Mulot. Nikateremka na madebe, vidole vyangu vikishika udongo, nikamjazia Mama Chebet kikombe cha kwanza. Akanywa chote, akaangalia miguu yangu, akachukua kikapu.

"Sasa mwambie Bwana aje apime," akasema.