Milioni Moja na Moja

Nikikutana na mtu aliyekuwa kwenye harusi ya mdogo wangu Hamisi pale Niboye, mpaka leo natazama viatu vyangu, na nyinyi mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nilishalia vya kutosha (peke yangu, kando ya cherehani, mlango umefungwa).

Mimi ni fundi nguo Nyamirambo. Baba alishafariki, kwa hiyo zawadi na hotuba vilikuwa juu yangu. Bibi harusi, Zuhura, anafundisha hesabu sekondari, kwao wote ni watu wa shule, na baba yake alichelewa sana kukubali, nikasikia wanasema sisi ni watu wa sindano tu. Basi nikataka watuone. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, nikasema hii ndiyo ndoa, nikachagua kubwa inayopendeza macho: milioni moja na moja. Nikaijaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu, inakataa, inakataa, mara mteja akaja kuchukua suruali, nikaishia hapo. Ndipo nilipojichimbia kaburi, maana jioni hiyohiyo niliitarizi kwa uzi wa dhahabu kwenye shuka la maharusi, 1000001, kubwa kama kibao cha duka.

Ukumbini nikalikunjua mbele ya watu, nikaeleza maana yake, wakapiga makofi, mama akajifuta machozi. Kwenye meza ya walimu wenzake Zuhura wakaanza kunong'onezana, kisha mmoja akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, hiyo namba iko inagawanyika."

Mwenye akili angecheka akakaa. Mimi nikamwambia aigawe basi, hapahapa, kila mtu asikie. Akasema igawanywe kwa mia moja na moja. Mshereheshaji akabonyeza simu yake, akasoma jibu kwenye maiki: elfu tisa mia tisa na moja, na haibaki kitu. Watu walicheka mpaka wengine wakashika meza, na mimi nimesimama na shuka linalotangaza kwamba ndoa ya mdogo wangu itagawanyika. Baba mkwe hakucheka. Alikuwa anatazama sahani yake.

Zuhura akainuka (na kwetu bibi harusi siku hiyo hasemi, anainamisha macho tu), akaichukua maiki mkononi mwa mshereheshaji.

"Shemeji hajakosea sana," akasema. "Hizo namba mbili zinazoigawa, zenyewe ni tasa. Namba hii imejengwa na wawili tu, hakuna wa tatu anayeweza kuingia. Ndoa ninayoitaka ndiyo hiyo."

Baba yake akanyanyua uso, akapiga makofi yeye wa kwanza, halafu akaja akashika pembe ya pili ya shuka, tukalikunja pamoja.

Mungu amlipe yule binti, aliingia kwetu kwa kunisitiri. Na mimi nimeapa: nikipewa maiki nasema asanteni, nakaa, na shemeji yangu akianza kuongea, hata kama ni habari za chumvi, nanyamaza kabisa.