Ndoo Mbili za Kujazia Tangi

Tangi lilipandishwa kutoka pwani juu ya basi, limefungwa kamba pamoja na magodoro. Lilikuwa la mashua ya mtu aliyefahamiana na mume wangu tangu alipokuwa akichomelea vyuma Mtwara, kabla hatujarudi kwetu Kitangari. Chumvi ilikuwa imelila upande wa chini mpaka likawa linavuja petroli. Mume wangu alikwisha kutengeneza jipya la kipimo kile kile. Kilichobaki ni kuukata mdomo wa kujazia wa lile la zamani, ambao ulikuwa bado mzima, auhamishie kwenye jipya.

Tangi lililowahi kuwekwa petroli halikatwi hivi hivi. Hata likionekana tupu, mvuke wake umo, na cheche moja inatosha kulilipua. Kwa hiyo hujazwa maji mpaka juu kabisa, pasibaki nafasi. Aliziba vitundu kwa sabuni ya mche, akaja kuniomba maji.

Mimi kwa maji ni mkali, sifichi. Wiki ile mabomba yalikuwa makavu, nami nilikuwa nimeshinda nikishuka bondeni na kupanda, ndoo moja moja kichwani, mpaka utosi unaniuma. Alichukua ndoo nne. Akarudi tena.

"Mama watoto, bado mbili."

"Mbili hizo ni za kupikia na kutawadha. Tangi la watu wa baharini ndiyo lijazwe kwa utosi wangu? Wenzetu maji wanayakanyaga!"

Alicheka kidogo, akaondoka. Hakuwahi kunishinda kwa maneno. Nilisikia grenda yake ya kukatia vyuma ikianza kulia, halafu kishindo kilichotikisa mabati ya jikoni.

Tulimkimbiza hospitali ya Ndanda. Uhai waliuokoa, macho yalikuwa yamekwisha kabla hatujafika.

Ndugu zake walipokuja kumwona, dada yake mkubwa alimuuliza kwa nini hakulijaza tangi, fundi wa miaka yote ile. Akajibu kwamba alikuwa na haraka, kazi ilikuwa imechelewa. Dada akamfokea pale pale kitandani, akamwita mzembe asiyefikiria mke wala watoto. Kisha akanigeukia.

"Pole sana, wifi yangu. Mume kakuponza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mume wangu alikuwa ameachama, anasubiri kijiko cha uji nilichokishika.

"Ahsante, wifi," nikasema, nikaendelea kumlisha.