Ukungu Ndani ya Landrova ya Zahanati

Niseme tu, maana nimechoka kujificha. Masika yale, kila nilipoupanda mlima wa Ngorongoro, kioo cha mbele cha Landrova yetu kuukuu kilijaa ukungu kwa ndani. Feni ya hita iliunguruma, lakini hewa ya moto haikufika kiooni. Mimi dereva nikasingizia pumzi za abiria. Siku moja nikamshusha Sista Paulina, muuguzi wetu, na shuka lake lililolowa. Akamalizia mlima kwa miguu, kwenye matope. Kioo kikabaki vilevile.

Kesho yake, Karatu, fundi Tluway akachomoa fulana iliyojaa vumbi jekundu kwenye tundu la kuingizia hewa.

"Ya nani hii?"

Nikajifanya nakagua tairi. Sista akapiga chafya, akanijibia.

"Ya dereva. Kiangazi aliisokomeza humo mwenyewe, vumbi lisitufikie."