Nilichagua Kitabu kwa Uzito, Vyungu vya Hawe Vikapasuka

Nimekosa mie, na wala simsingizii shetani. Shetani hana haja na ufinyanzi. Ni kimbelembele changu tu, na kitabu kimoja kikubwa ambacho mpaka leo kimekaa mezani sebuleni.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Matsangoni. Jina liacheni, wanaonijua watanitambua kwa ujinga wenyewe. Likizo ilipoanza nilipatwa na hamu ya kufinyanga. Mpwa wangu wa Mambrui alikuwa anaolewa, nami nikamwahidi, mbele ya shangazi zake wote, chetezo cha kufukizia udi siku ya harusi, kazi ya mikono yangu. Mikono ambayo haijawahi kukanda hata chapati ikatoka mviringo!

Mtu mwenye akili angepiga hodi nyumba ya nyuma. Huko anakaa Hawe Kadzo, aliyekuja kutoka Adu kuishi na bintiye. Hawe ndiyo bibi kwa Kigiriama, na mtaa mzima twamwita hivyo. Anafinyanga vyungu tangu kigori. Lakini mie mwalimu bwana! Kwangu mie, lisiloandikwa si elimu. Nikapanda gari kwenda Malindi kutafuta kitabu.

Muuza vitabu vya mitumba alikuwa na viwili tu vya ufinyanzi. Kimoja chembamba, kina michoro ya mikono, jalada limechanika, kurasa zina alama za vidole vya matope. Cha pili, jamani! Kinene kama tofali, karatasi zang'aa, picha za mabakuli ya kaure utadhani ya kulia wafalme.

"Ndo kwanza waanza, dada?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Basi chukua hiki kidogo. Mwenyewe alikitumia, si waona matope yake? Hicho kikubwa kina mwaka wa tatu hapa, hakuna aliyekichafua."

Nikamwona hajui kuuza. Nikachukua kikubwa. Niwaambie ukweli? Nilifikiria wageni watakavyokiona mezani kabla sijafikiria kukisoma.

Hawe Kadzo aliposikia nataka kufinyanga alifurahi mno. Akaniletea ndoo nzima ya udongo aliokwisha kuukanda mwenyewe.

"Huu u tayari, mwanangu. Usitie kitu, usitoe kitu."

Nikamwuliza vipimo vyake. Akacheka. "Kipimo ni mkono. Udongo ukikuuma vidole kidogo, umefaa."

Nikaingia ndani, nikafungua kitabu changu. Sura ya kwanza, inayoeleza kitabu kimeandikiwa nani, niliiruka. Sura ya tatu ilisema udongo usafishwe mpaka ulainike kabisa. Nikautia kidole udongo wa Hawe. Chenga tupu! Mchanga, na vijipande vyekundu vyekundu. Nikamhurumia bibi wa watu, miaka yote hiyo anafinyanga uchafu na hakuna aliyemwambia.

Basi nikauyeyusha kwa maji, nikauchuja kwa chujio langu la tui. Chenga zote nikazimwaga chini ya mpapai. Nilijiona msomi kweli kweli siku ile!

Chetezo kilitoka. Kinene, kimeinama upande kama mtu anayesikiliza umbeya, lakini laini! Kilipokauka nikampelekea Hawe siku aliyokuwa anachoma vyungu vyake, kazi ya mwezi mzima. Akakigeuza, akakipapasa.

"Ni udongo ule niliokupa? Hukuugusa?"

"Ni ule ule, Hawe."

Mtu mzima mimi, tena mwalimu, nikasema uongo kwa macho makavu!

Akakiweka katikati ya vyungu vyake, kwa heshima yangu. Tukapanga kuni na makumbi ya nazi, akawasha. Moto haujakolea vizuri nikasikia pa! Chetezo changu. Vipande vikaruka, vikapiga vyungu vya pembeni, navyo vikaangukia vingine. Moto ulipopoa, vyungu viwili tu ndivyo vilivyotoka vizima.

Hawe akachuchumaa, akaviokota vigae kimoja kimoja. Mie nangoja kutukanwa. Badala yake akasema polepole, "Nimezeeka, mwanangu. Labda sikuvikausha sawasawa. Mkono umenitoka."

Nami nikanyamaza. Jamani, nikanyamaza! Nikasema "pole, Hawe" kisha nikaenda zangu nyumbani.

Harusini nilipeleka chetezo cha kununua. Nilikaa nikakwangua kibandiko cha duka kwa kucha, shangazi wakanisifu, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Udi ulinukia vizuri, lakini mie nikahama nikakae mbali na moshi wake.

Tangu hapo nyuma ya ukuta kukawa kimya. Ile sauti ya udongo ukipigwa asubuhi sikuisikia tena. Siku moja bintiye Hawe akaja na kipande cha kibuyu, kile Hawe anacholainishia vyungu.

"Mama ameacha kufinyanga," akasema. "Asema mkono wake haufai tena. Hiki apewe Mwalimu, ndiye anayeanza."

Nilikishika. Upande mmoja kilikuwa kimelika kwa kidole gumba chake. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, na bintiye hajui nalilia nini.

Hapo hapo nikabeba kitabu kwapani, nikaenda.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia yote. Chujio la tui, uongo wangu, chetezo cha duka. Nikamwambia pia kwamba sura ya kwanza nilikuja kuisoma baadaye, na kitabu chenyewe ni cha mafundi wa kaure wenye matanuri ya umeme. Mie hata jiko la umeme sina!

Akakitaka kitabu. Hajui kusoma, lakini alikifunua ukurasa kwa ukurasa, akatazama kila picha mpaka ya mwisho.

"Wote hawa mikono yao misafi," akasema. Kisha akauliza, "Zile chenga ulizitupa wapi?"

"Chini ya mpapai."

"Zile zilikuwa chungu cha mama yangu. Kilipovunjika nilikitwanga, na kila nikikanda udongo natia kidogo. Chenga ndizo zinazoushika udongo motoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanionyesha mlango kwa kidevu. "Kaziokote."

Nilipiga magoti chini ya mpapai na chujio langu mkononi, watoto niliowafundisha kusoma wakinitazama uani, nikichambua vijipande vyekundu mchangani. Nilipata chenga za kujaa kiganja kimoja. Hawe alizipokea, akaziosha, akanirudishia kokoto nilizozichanganya humo. Kwamba amenisamehe hajasema, nami naona haya kumwuliza. Ila juzi asubuhi nilisikia udongo ukipigwa nyuma ya ukuta, nikakaa kitandani nikalia tena.

Ndugu yangu unayeanza, nenda ukachague kitabu chenye matope, na sura ya kwanza usiiruke. Ukiharibu kazi ya mtu, sema siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kuilaumu mikono yake. Na ukikuta chenga kwenye udongo wa mwenzio, nakuomba, usizimwage kabla hujauliza ni za nani.